Uliposhinda kwa Kura za Wake wa Watu

Kaka yangu,

Tulikuzika wiki tatu zilizopita na hasira yangu haijapoa. Nilidhani itakwisha mchanga utakapokufunika. Badala yake imekuwa ikinifuata shambani na jikoni, na leo imenikalisha mezani na daftari la mwanangu. Unajua sikusoma sana, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema, na wewe utasikiliza, kwa kuwa mara hii huna mahali pa kwenda.

Siku ya mazishi walisimama wanaume saba kusema jinsi ulivyoshinda uchaguzi ule wa Baraza la Jimbo, mwaka wa uhuru. Mmoja alisema ulishinda kwa kujua siasa. Mwingine alisema ulishinda kwa kusema Kiingereza mbele ya Bwana DC. Wa tatu alisema, "Alibebwa na ukoo wake." Nilikuwa nimeketi kwenye mkeka na wanawake, nikauma ncha ya leso yangu nisicheke. Ukoo! Ukoo wetu wote unaweza kuingia katika kanisa moja na wageni bado wakapata viti. Hakuna hata mmoja wa wale saba aliyesema kweli, na wawili kati yao waliijua.

Usidhani sikupendi. Ninakumbuka ulivyokuwa ukinivusha mto mgongoni tukienda shule, viatu vyako umevifunga kamba shingoni. Ukifika katikati, maji yakiwa mapajani, ulisimama. "Sema mimi ni mkubwa kuliko wakubwa wote." Nilikataa. Ukainama kidogo, nikapiga kelele, nikasema. Ulicheka mpaka ng'ambo. Nilisoma mpaka darasa la nne, kisha nikaolewa Ikonge, na wewe ukaoa kwa ng'ombe waliotolewa kwa ajili yangu. Sikulalamika. Kwetu ndivyo ilivyo, dada akiolewa, ng'ombe wake humwolea kaka. Niliona fahari kwamba mke wako mzuri yule alikuja kwa ng'ombe wangu.

Lakini acha nikukumbushe siku uliyokuja Ikonge na baiskeli, alasiri, ukaketi kwenye kigoda changu nikiwa namenya ndizi. Vyama vilikuwa viwili vikubwa. Kimoja kilimsimamisha mtu wa ukoo mkubwa wa huku milimani, kingine mtu wa ukoo wa ng'ambo ya mto, upande wa Magwagwa. Wewe, mwalimu wa shule kutoka ukoo mdogo uliobanwa katikati, ulisimama kwa chama cha tatu ambacho hata jina lake watu walilisahau kabla hujamaliza kulitaja.

"Nimekwisha, Moraa," ulisema. "Nimehesabu mara tatu. Nitakuwa wa tatu katika watu watatu."

"Umehesabu nini?"

"Nyumba."

Ukanipa karatasi. Uliandika vizuri, mwandiko wa ubaoni. Kila nyumba ilikuwa na jina la mume, idadi ya wake, kisha chama chake. Mume na wake wawili, kura tatu, chama cha ng'ambo. Mume na mke mmoja, kura mbili, chama cha huku.

"Hawa wake umewauliza?"

"Mke anaulizwaje? Kura ya mke iko kwa mumewe. Vyama vyote vinahesabu hivyo."

"Nionyeshe mimi niko wapi."

Ukatafuta kwa kidole. Kidole kikasimama. Mume wangu alikuwa wakala wa chama cha huku, na mimi ulikuwa umeniandika pale pale chini yake, kura ya pili.

"Dada yako wa tumbo moja," nikasema, "umenihesabu kwa adui."

Nilicheka hadi kisu kikaniponyoka, na wewe ukaanza kucheka pia, lakini macho yako yalikuwa yamebadilika. Umeelewa, niliwaza. Kwetu hakuna mtu anayeoa ukoo wake. Kila mke ni binti wa mahali pengine. Nyumba za huku zimejaa mabinti wa ng'ambo, nyumba za ng'ambo zimejaa mabinti wa huku, na mabinti wa ukoo wetu mdogo wametawanyika pande zote mbili kama chumvi katika mboga. Wale wakubwa wawili walikuwa wakigombania wanaume, ambao walikuwa wamegawanyika karibu sawasawa. Wanawake walikuwa wamewaandika tu chini ya waume zao, kama ulivyofanya wewe mwenye elimu.

"Hutaki nusu ya watu," nilikwambia. "Unataka tu kumzidi huyu kidogo na yule kidogo."

"Na niwaambie nini hao wanawake? Nimeandaa hotuba ya shule, barabara, hospitali..."

"Kila mtu ana hotuba hiyo. Waambie daraja."

Hukuhitaji kuuliza daraja lipi. Wakubwa wa huku walikuwa wakisema daraja litaleta wezi wa ng'ombe kutoka ng'ambo, na wakubwa wa ng'ambo walikuwa wakisema hivyo hivyo juu ya huku. Ni jambo la pekee walilokubaliana. Lakini aliyevuka mto ule kila wiki hakuwa mzee wa ukoo. Alikuwa mwanamke anayekwenda kumwona mama yake.

Ulimfahamu Kemunto, rafiki yangu, tuliyekua naye nyumba kwa nyumba, akaolewa ng'ambo. Mama yake alifariki wakati wa masika. Mto ulijaa siku mbili. Kemunto alisimama ukingoni, akaona moshi wa kwao, akaona watu wakikusanyika, akasikia kilio kikija juu ya maji. Alimzika mama yake kwa macho tu.

Nilikupeleka kwake. Alikuwa amevuka kuja ukingo wa huku na wenzake wa egesangio, kile kikundi cha wanawake wanaolimiana mashamba kwa zamu. Alikutazama suruali yako ya kupigwa pasi.

"Mwalimu, umekuja kutafuta kura au chai?"

"Vyote viwili, mama."

"Chai utapata. Kura, vuka kwanza."

"Nivuke?"

"Mpaka kule na urudi. Mtu hawezi kuniahidi daraja kabla hajajua maji yana baridi gani."

Ukavua viatu, ukavishika mkononi, ukaingia. Katikati uliteleza na kiatu kimoja kikaenda na mto. Uliapa mbele yao ukiwa umelowa, kiatu kimoja mkononi, kwamba ukiingia Barazani, daraja litakuwa neno lako la kwanza. Tangu siku ile hawakukuita Mwalimu. Walikuita Kiatu Kimoja, na walilitamka kwa upendo.

Wale wakubwa walipoona umepewa alama ya kikapu, walicheka sokoni. "Anagombea kiti kwa chombo cha jikoni!" Acheni wacheke, nilisema. Kuna mwanamke gani asiyejua kikapu? Tulizunguka na wanawake wa egesangio shamba kwa shamba. Waliokuwa hawajawahi kushika kalamu tuliwafundisha kuchora alama ya kura kwenye udongo kwa mpini wa jembe, mistari miwili inayokatana. Siku moja mume wangu, mzee wa kanisa la Sabato unayemjua, alipita akaona shamba zima limejaa misalaba.

"Nyinyi wanawake, mmehamia kwa Wakatoliki?"

"Tunapima mashimo ya migomba," nikamjibu.

"Migomba yote hiyo?"

"Tuna njaa kubwa."

Siku ya kura alisimama nje ya shule akiwa na beji ya chama chake, akitusalimu sisi tuliopanga mstari. "Alama mnaijua?" "Tunaijua, mzee." Hakuna aliyesema uongo.

Ulishinda. Si kwa wingi, lakini wa pili alikuwa nyuma yako na wa tatu nyuma ya wa pili, na hiyo ilitosha. Ukoo wa huku ukasema ukoo wa ng'ambo umenunuliwa. Ukoo wa ng'ambo ukasema hivyo hivyo juu ya huku. Walikaribia kupigana kwa marungu kwa sababu hawakuweza kuelewa kura zao zimekwenda wapi. Sisi tuliendelea kupalilia. Hatukuwa tumeapishana kunyamaza, maana hapakuwa na haja. Kila mmoja wetu alikuwa na nyumba ya kurudi.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, kaka. Njoo karibu.

Mwezi mmoja baadaye wakubwa wa kile chama kilichoshinda nchi nzima walikufanyia karamu katika hoteli moja mjini Kisii. Walikuwa wanakutaka kwao. Ulialika hata walioshindwa, ili uonekane huna kinyongo, na mume wangu alikuwemo. Mmoja akakuuliza kwa utani, "Mwalimu, hebu tuambie, hizo kura uliiba wapi?" Nawe, ukiwa umeshiba, mkono juu ya bega la mkubwa, ukajibu, "Niliziiba vyumbani mwenu. Wake zenu ndio walionichagua."

Wakacheka wote. Meza nzima. Mume wangu alinisimulia kesho yake, na yeye hakuwa akicheka. Aliniuliza, "Ile migomba, Moraa, iliota?" Kisha hakusema nami neno hadi mavuno. Mimi niliponea kwa sababu yeye ni mtu wa kanisa na hakuwahi kuinua mkono. Wengine hawakuponea. Wiki ile, kwenye egesangio, wanawake walikuja wamefunga leso mpaka kwenye nyusi ili kuficha nyuso zao.

Kemunto alirudishwa kwao. Mumewe alimtoa na furushi moja la nguo, akabaki na watoto watatu, maana kwa desturi yetu watoto ni wa aliyetoa ng'ombe. Mdogo alikuwa bado hajaanza kusema. Kisha mume akadai ng'ombe wake, na ng'ombe wale kaka yake Kemunto alikuwa ameshawatoa mahari ya mkewe. Kwa hiyo alirudi kwenye nyumba ambamo wifi yake alimtazama kila asubuhi kama mtu aliyekuja kuvunja ndoa yake. Alipewa kibanda cha marehemu mama yake.

Nilikuja Nyamira kukuona. Unakumbuka? Nilitembea, nilikuletea ndizi mbivu. Nilikuomba jambo moja tu, uende kwa yule mume, ukae naye, umwambie kwamba maneno yale yalikuwa utani wako na kosa ni lako. Uliendelea kumenya ndizi.

"Moraa, mimi siingii mambo ya nyumba ya mtu."

Nilichukua kikapu changu nikaenda zangu. Unajua mimi ni mpole, na upole wangu umewafaa wengi. Leo ninakujibu. Uliingia, kaka! Uliingia katika kila nyumba ya huku na ng'ambo, ukachukua ulichokitaka, ukatoka, ukaenda kueleza mezani ulivyoingia. Mlango ulifungwa ulipotakiwa kuingia kwa ajili ya mtu mwingine.

Daraja sitakulaumu sana. Mwaka uliofuata majimbo yalifutwa, Baraza likafa, na wewe ulikuwa umeshahamia chama kikubwa, ambako uliambiwa subiri, ukasubiri mpaka mvi. Hilo nakubali, daraja linataka serikali. Lakini kwenda kwa mume wa Kemunto kulitaka miguu yako tu, na ulikuwa nayo miwili miaka yote ile.

Miaka kumi na zaidi. Siku za soko Kemunto anashuka mtoni na nguo za kufua, hata kama hazina uchafu, ili aone watoto wake wakipita ng'ambo. Waliambiwa kwamba mama yao aliiuza nyumba yake. Mdogo alijifunza kusema bila yeye.

Ulipokuwa mgonjwa nilikuja kukulisha uji wa wimbi kwa kijiko. Ulikuwa mwepesi kama mtoto. Ungeniambia hata hapo. Siku moja ulinishika mkono, ukafungua mdomo, nikangoja. Ukasema, "Sukari kidogo." Nikaongeza sukari.

Na unajua ni nani aliyepika kwenye mazishi yako? Kemunto. Wale saba walipokuwa wakisema, yeye alikuwa nyuma ya nyumba, moshi machoni, akikoroga sufuria la wageni. Nilimfuata, nikamwambia kwa ukali ambao hakustahili, "Huyu unampikia kwa nini?"

"Aliingia majini, Moraa. Hakuna mkubwa mwingine aliyewahi kuingia."

"Akatoka akakusahau."

"Najua. Sijasema hakunisahau."

Akageuza ugali. Nilitaka alie, alaani, akataliwe na mtu nipigane naye. Hakunipa hata hilo.

Siku nne baada ya mazishi mwanao wa kwanza alikuja kwangu. Amefanana nawe, hasa anavyokaa kigodani. Anataka kiti cha udiwani. Siku hizi chama ni kimoja, lakini wagombea ni wawili, yeye na mfanyabiashara wa Nyamira, na hakuna anayejua nani atapita.

"Shangazi, nisaidie. Baba aliniambia wewe ndiwe unayewajua wanawake."

Nilihisi kama mtu amenimwagia maji ya mtoni. Kumbe ulisema! Hukulisema hadharani hata mara moja kwa heshima, lakini kwako nyumbani ulimfundisha mwanao kama mtu anayemwonyesha mtoto mahali panapofichwa ufunguo.

Nikamwambia, "Binti mkubwa wa Kemunto anaolewa mwezi ujao, na baba yake amekataza mama yake asikanyage pale. Nenda kwa huyo baba. Mwambie kwamba baba yako alikosea, na wewe mwanawe umekuja kusema hivyo. Kemunto aende kwenye harusi ya binti yake. Ukirudi, tutazungumza kura."

Alitazama viatu vyake.

"Shangazi, hayo ni mambo ya nyumba ya mtu."

Maneno yako. Sijui kama ulimfundisha au yanakuja na damu.

"Basi kura pia ni mambo ya nyumba ya mtu," nikasema. "Nenda salama, mwanangu."

Jumanne iliyopita tulivuka wenyewe. Tulikuwa wanawake kumi na wanane, wengine wana wajukuu, maji yakitufika magotini. Tulikwenda na majembe, tukaketi uani kwa yule mume. Amezeeka. Alitoka mlangoni akashangaa.

"Mmekuja kulima?"

"Tumekuja kungoja," nikasema.

"Kungoja nini?"

Tukangoja. Akaingia ndani, akatoka, akaingia tena. Mkewe wa pili alituletea maji ya kunywa bila kuulizwa, akaketi nasi. Jua lilipoanza kuinama akaja na fimbo yake akasimama mbele yetu.

"Na aje. Lakini akae nyuma."

"Atakaa mbele," akasema yule mke wa pili. "Mimi ndiye nitakayempisha."

Mzee akamtazama, akatutazama sisi, akahesabu. Nilimwona akihesabu, kaka, na mara hii alihesabu watu, si nyumba.

"Akae atakapo," akasema, akaingia ndani.

Kemunto hakuwa pamoja nasi. Nilipomwambia, aliketi chini mlangoni mwa kibanda, akauliza jambo moja tu, kama binti amekuwa mrefu. Nikamwambia amemzidi. Wale wawili wadogo bado hawamtaki. Hilo sikuweza kulirudisha siku moja, na sijui kama litarudi.

Jana nilikwenda Nyamira, kwenye ofisi wanakotoa karatasi za udiwani. Kadi ya chama ninayo, mume wangu aliwahi kuninunulia mwenyewe. Karani kijana aliniuliza bila kuinua macho:

"Ya nani, mama? Ya mume au ya mwana?"

"Yangu."

Hapo akainua macho. Nimeijaza leo asubuhi, kwa mwandiko ulionifundisha. Mume wangu ameiona mezani. Ameisoma yote, ameirudisha pale pale, akaenda kukama. Mwanao atakasirika, na yule mfanyabiashara atacheka, na wote wawili wako nyumba kwa nyumba sasa hivi, wakiwauliza wanaume.

Lala, kaka. Sijakusamehe, na mimi nina kazi.

Dada yako,
Moraa